Kurudi kwenye vita vya mezani: mwongozo kamili kwa aliyeliacha jeshi lake uvunguni

Sanduku langu la bati, lenye vijisanamu vya askari vya kuchezea vita mezani, lilikaa uvunguni mwa kitanda miaka saba. Lilipoingia huko nilikuwa kijana wa chumba kimoja Kihesa, sina mtoto, na Jumamosi zangu zote zilikuwa za dadu na brashi. Kisha ikaja ndoa, wakaja watoto wawili, ukaja ujenzi, na mama mzazi akaugua kwa muda mrefu. Mwaka jana mwezi wa sita, kwenye ile baridi ya Iringa inayomfanya mtu atafute shughuli ya ndani, nililivuta sanduku, nikapangusa vumbi, nikafungua.

Haya ni yale niliyoyafanya tangu siku hiyo, pamoja na makosa ambayo sitaki mwenzangu ayarudie. Nawaandikia watu wa Nyanda za Juu Kusini, wa Iringa, Mafinga, Njombe, Makambako au Mbeya, waliowahi kucheza vita vya mezani kwa vijisanamu, maisha yakawabana wakaacha, na sasa wanaona upenyo wa kurudi.

Ninalolisisitiza ni hili: cheza kwanza, paka rangi baadaye, nunua mwisho. Wengi tunakwenda kinyumenyume. Tunaagiza boksi jipya, linakuja baada ya wiki nyingi, linakaa juu ya kabati likisubiri gundi, na ile hamu iliyotusukuma imeshapoa. Hamu ya kurudi haidumu muda mrefu. Kinachoilisha ni mchezo wenyewe, hata ukichezwa na askari wasio na rangi juu ya blanketi.

Kabla ya sanduku: patana na nyumba

Usianze kwa kujificha. Nilimwambia mama watoto wazi kwamba nataka jioni mbili kwa wiki, nusu saa kila moja, watoto wakishalala, na Jumamosi moja kwa mwezi. Tukakubaliana na meza ipi itumike na nini kisiguse meza ya chakula. Mapatano hayo ndiyo yaliyonifikisha hapa. Kama una mtoto mdogo, sanduku likae na kufuli. Vipande hivi vinamkaba mtoto, na sumaku ndogo zinazobandikwa chini ya vitako (vile vibao vidogo ambavyo vijisanamu husimama juu yake) ni hatari zaidi: mtoto akimeza mbili zinavutana ndani ya utumbo na kuutoboa. Hilo ni la kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Hatua ya kwanza: fungua sanduku mchana, na daftari mkononi

Tandaza shuka jeupe, toa kila kitu, na upange mafungu matatu: wazima, waliovunjika kidogo, na wanaohitaji kazi kubwa. Hesabu na uandike. Usigundishe wala kusafisha chochote siku hiyo. Kazi ni kujua ulichonacho tu. Mimi niliamini nina askari kama hamsini. Nikakuta 112, na 70 kati yao hawajawahi kuona rangi.

Angalia mambo manne ambayo hali ya kwetu huyaleta. Mchwa na panya hupenda vitabu vya sheria, katoni na vitako vya mbao laini. Kuvu huota kwenye majani bandia ya vitako, hasa kwa watu wa Tukuyu na Njombe ambako unyevu hauishi. Yasugue kwa mswaki mkavu nje ya nyumba kisha anika. Supa gluu ya zamani hukauka ikawa kama kioo, na mikono ya vijisanamu vya chuma hudondoka ukiigusa. La nne ni vijisanamu vya chuma vya miaka mingi, ambavyo huenda vina risasi ndani yake. Ukikuta unga mweupe juu yake, usiupulize. Usugue kwa maji na sabuni, nawa mikono vizuri, na usitumie tupa juu ya kijisanamu hicho jikoni wala karibu na watoto.

Hatua ya pili: sheria zilizobadilika ukiwa hupo

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na bila sababu. Kama ulikuwa mtu wa Warhammer, mchezo maarufu wa aina hii, haya ndiyo makubwa yaliyopita. Ule mchezo wa zamani wa majeshi ya mapanga na mazimwi, wenye vitako vya mraba, ulisitishwa mwaka 2015 na nafasi yake ikachukuliwa na Age of Sigmar yenye vitako vya duara. Mwaka 2024 ulirudishwa kwa jina la The Old World, na mraba ukarudi nao, ingawa vikosi vingi sasa vinataka kitako kikubwa kidogo kuliko kile cha zamani. Upande wa Warhammer 40,000, ndugu yake wa vita vya anga za mbali, toleo la kumi lilitoka 2023, na wale askari wake wa Space Marines waliokuwa juu ya vitako vya milimita 25 siku hizi husimama juu ya milimita 32.

Je, ukimbilie kubadilisha vitako vyote? Hapana. Mnacheza wawili sebuleni, si mashindano. Kitabu cha zamani bado kinafanya kazi kama wote wawili mmekubaliana kukitumia. Na ukitaka sheria nyepesi, wapo One Page Rules, ambao sheria zao za msingi hupakuliwa bure na hazijali vijisanamu vyako vilitoka kampuni gani. Kurasa chache, unazichapa kwenye stesheneri yoyote ya mtaani. Mimi ndizo nilizoanza nazo, kwa sababu kichwa cha mtu aliyetoka kazini saa kumi na moja hakibebi kitabu cha kurasa mia mbili.

Hatua ya tatu: cheza ndani ya siku kumi na nne

Chagua vijisanamu kumi kila upande. Visiwe vizuri, viwe vinasimama tu. Tandika blanketi la kijani au la kahawia, weka vitabu chini yake viwe vilima, vikombe viwe nyumba, na cheza mchezo wa saa moja.

Nilimpigia rafiki yangu wa zamani aliyehamia Uyole. "Kamwene, kaka. Zile dadu bado unazo?" Akacheka. "Dadu ninazo, muda ndio sina." Kati ya Iringa na Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na wote tuna familia. Kwa hiyo mchezo wangu wa kwanza nilimfundisha mpwa wangu wa kidato cha pili, anayejua drafti vizuri kuliko mimi. Alinipiga. Alikuwa haelewi nusu ya sheria, lakini alielewa kuziba njia na kumlazimisha mtu asogee asikotaka, kama wanavyofanya wazee kwenye bao. Siku iliyofuata aliuliza tutacheza lini tena, na mimi nikapata mpinzani ndani ya nyumba. Kabla ya kulalamika kwamba mkoani hakuna wachezaji, tazama waliokuzunguka wanaopenda bao, drafti au karata.

Hatua ya nne: rangi za zamani na gundi

Fungua kila chupa ya rangi. Rangi ya akriliki iliyojitenga, maji juu na uzito chini, bado ni nzima: korogea kwa kijiti cha meno, ongeza matone mawili matatu ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tikisa dakika mbili. Ukidumbukiza ushanga mmoja wa kioo ndani ya chupa, rangi itachanganyika yenyewe kila unapotikisa. Usitumie goroli ya baiskeli, itapata kutu na kuharibu rangi. Iliyokuwa kama mpira haifufuki, tupa. Inayonuka kama maji ya dimbwi imeoza, tupa pia.

Kama umekaa nje ya mchezo tangu kabla ya 2019, kuna jambo jipya litakalokufurahisha: rangi za mkupuo mmoja. Watengenezaji rangi wa Citadel walitoa zao kwa jina la Contrast mwaka huo, na wenzao wa The Army Painter wakafuata na Speedpaint mwaka 2022. Rangi hiyo ni nyepesi, hutiririka kwenye mikunjo na kuacha kivuli, huku sehemu zilizoinuka zikibaki na mwanga. Kwa mtu mwenye nusu saa mbili kwa wiki, hii ni neema. Sharti lake ni praima (rangi ya kutanguliza) nyeupe au ya kijivu mpauko. Juu ya nyeusi haionekani kabisa.

Kijisanamu chenye rangi nene ya ujana wako, kivue. Kilowekwe kwenye spiriti ya duka la dawa ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko, kwa saa kadhaa, kisha kisugue kwa mswaki wa zamani na sabuni ya maji. Chuma na plastiki ngumu huvumilia vizuri. Cha rezini jaribu kwanza kipande usichokihitaji. Fanya nje, vaa glavu, na jiko la mkaa liwe mbali kabisa. Usitumie mafuta ya breki hata kama fundi wa gari atakushauri, kwani yanaweza kuiyeyusha plastiki. Na kama unataka kung'oa kiungo cha supa gluu bila kuvunja, kiweke kijisanamu kwenye friza saa moja au mbili. Baridi huifanya gundi iwe dhaifu, na kiungo huachia kwa kukipinda kidogo.

Hatua ya tano: praima, na hapa hewa yetu ina sauti

Maelekezo mengi yameandikwa na watu wanaoishi kwingine. Kwetu huku mambo matatu yanakutega: baridi, vumbi na ukungu.

Kopo la kupuliza linafanya kazi vizuri hewa ikiwa kati ya nyuzi 15 na 25 hivi. Asubuhi ya mwezi wa saba Njombe au Mafinga haifiki huko. Kopo la baridi hutema matone mazito badala ya vumbi laini, na sura ya askari wako inazibwa. Subiri saa sita hadi saa tisa mchana. Unaweza kuliloweka kopo dakika kumi kwenye maji ya vuguvugu, yale ambayo mkono wako unayavumilia bila shida. Usiliweke karibu na moto, usilichemshe, linaweza kulipuka.

Kiangazi kina vumbi. Kuanzia mwezi wa nane upepo wa Iringa hubeba mchanga mwekundu ambao hunasa kwenye rangi mbichi. Puliza ndani ya katoni kubwa iliyolala ubavu, mdomo wake ukipewa mgongo upepo, nje ya nyumba, na ujifunike pua. Shika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 30, anza kupuliza pembeni ya kijisanamu, pita juu yake, maliza upande wa pili. Mikupuo miwili myepesi inashinda mmoja mzito.

Masika, yaani kuanzia Novemba hadi Aprili, na Mei kabisa kwa watu wa Rungwe, acha kopo. Unyevu hugeuza vanishi ya kupuliza kuwa ukungu mweupe, na niliharibu vijisanamu vyangu sita kwa haraka hiyo, jioni ya mvua, nikijiambia kwamba barazani pamefunikwa. Tumia praima ya maji ya kupaka kwa brashi pana laini. Inachukua muda mrefu zaidi, ila inafanyika sebuleni na haichagui msimu. Vanishi nayo iwe ya kupaka, isiyong'aa.

Ukinunua kopo la rangi nyeusi duka la vifaa vya ujenzi kwa sababu ni nafuu, lijaribu kwanza kwenye ile fremu ya plastiki inayobaki ukishakata vipande vya vijisanamu. Baadhi huiyeyusha plastiki.

Hatua ya sita: kupaka kwa nusu saa

Vijisanamu vitano kwa wakati mmoja, si ishirini. Kila kikao kiwe na kazi moja: leo nguo zote, keshokutwa ngozi zote, siku nyingine ngozi za mikanda na mbao za silaha. Vibandike juu ya vifuniko vya chupa za soda kwa gundi kidogo ili mkono usiviguse.

Sahani ya unyevu ni lazima wakati wa kiangazi, la sivyo rangi inakauka kabla ya brashi kufika. Chukua chombo cha plastiki chenye kifuniko, weka sponji jembamba lililolowa, juu yake karatasi ya kuokea keki. Rangi itakaa siku mbili tatu.

Mwanga wa taa ya manjano unadanganya. Bluu inafifia ikakaribia nyeusi. Wakati wa mchana kaa dirishani. Usiku tumia taa nyeupe, na kwa kuwa umeme hukatika bila taarifa, niliweka taa ya sola yenye shingo ya kupinda. Nimeshamaliza nyuso za kikosi kizima gizani kwa taa hiyo.

Hatua ya saba: uwanja kutoka kwenye ardhi yetu

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hapa mtu wa nyanda za juu hana haja ya kuagiza kitu.

Ubao: plaiwudi ya sentimita 120 kwa 90 inatosha mchezo wa vijisanamu thelathini. Mwombe seremala aikate katikati ili ikae nyuma ya mlango. Paka rangi ya maji ya ukutani, kahawia, na kabla haijakauka nyunyizia mchanga uliochekechwa kwa chujio la chai. Wangu ni wa Ruaha Mdogo, nimeuosha na kuuanika siku mbili juani. Baada ya kukauka, pitisha brashi karibu kavu yenye rangi ya maziwa, na kila punje itajitokeza.

Nyasi: nenda kwenye mashine za mbao, Mafinga wanalo vumbi la misonobari la kumwaga. Lichekeche, lichanganye na rangi ya maji ya kijani iliyozimuliwa, lifikiche kwa mikono yenye glavu, anika juu ya gazeti. Tengeneza mafungu matatu, kijani kibichi, kijani cha njano na kahawia, kisha yachanganye. Nyasi zetu za mwezi wa tisa ni za manjano, na uwanja wa kijani kitupu haufanani na popote huku.

Majani yaliyodondoka: majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakikaushwa kabisa. Chai ya Mufindi au ya Tukuyu, yote sawa. Yasipokauka vizuri yataota kuvu.

Vilima na mawe makubwa: lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya katoni ya televisheni. Lichonge kwa kisu, lipake gundi nyeupe ya maseremala iliyochanganywa na mchanga, na usilipulizie rangi ya kopo kabla ya hapo kwa sababu litayeyuka. Kwa mawe ya kweli ya Iringa, yale yaliyopandiana kama Gangilonga, nilikusanya kokoto za mviringo na kuzigundisha tatu tatu. Mpwa wangu alizitambua bila kuambiwa.

Na kama huna vijisanamu kabisa, chapa picha za askari zenye pande mbili kwenye manila, zikunje, zigundishe juu ya kipande cha katoni. Zinapigana vizuri tu.

Hatua ya nane: kusafiri na jeshi

Sasa tunakutana na rafiki yangu mara moja kila miezi miwili, Makambako, ambako ni karibu katikati ya safari yetu wote. Jeshi linasafiri kwa basi, na nimejifunza kutoliweka buti. Sanduku la bati la shule ndilo bora kuliko mikoba yote ya gharama: gundisha sumaku ndogo chini ya kila kitako, na askari watasimama imara juu ya bati hata kwenye kona za Kitonga. Kabla ya kununua sanduku nenda na sumaku mfukoni ujaribu, kwa sababu la aluminiamu halishiki. Nafasi iliyobaki jaza vipande vya sponji la godoro.

Jeshi jipya la kwanza: Lugalo

Ukiniuliza utengeneze nini baada ya kumaliza ulichonacho, nitakuambia utengeneze historia ya hapa. Tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa chifu Mkwawa waliuvizia msafara wa jeshi la Wajerumani pale Lugalo, kando ya njia tunayopita leo kwenda Dar es Salaam, wakamuua kamanda wake, Emil von Zelewski, pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Msafara ule ulikuwa na bunduki. Wahehe wengi walikuwa na mikuki na ngao. Ngome ya Kalenga ilianguka miaka mitatu baadaye, Oktoba 1894, na Mkwawa hakukubali kushikwa hadi kifo chake mwaka 1898. Fuvu lake, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, limehifadhiwa kwenye makumbusho ya Kalenga. Kabla sijapaka ngao ya kwanza nilikwenda huko, nikakaa muda mrefu. Hawa si vibonzo. Paka kwa heshima.

Sheria tulizotunga ni chache. Msafara una askari 18 na wapagazi 8, na unaingia kwa ukingo mfupi wa ubao ukifuata njia moja. Askari husogea inchi 5, Mhehe inchi 8. Wahehe ni 24, na hawawekwi mezani mwanzoni: mchezaji wao ana kadi 10 zilizofunikwa vichakani, sita zina wapiganaji wanne kila moja, nne ni tupu. Kadi hufunuliwa anapotaka mwenyewe, au askari akifika inchi 4 karibu nayo. Bunduki inafika inchi 18 na hupiga kwa dadu ya 5 au 6, lakini aliyefyatua hawezi kufyatua zamu inayofuata kama amesogea. Mkuki huangusha kwa 4 na kuendelea. Raundi nane. Msafara unashinda ukitoa nusu ya watu wake kwa upande wa pili.

Tumeucheza mara tano, na mara nne msafara umeangamia. Mara ya tano rafiki yangu aliwapeleka askari sita mbele kufunua kadi, na nilikuwa nimeweka kadi tupu zote upande huo. Akapata muda wa kujipanga na akatoka na watu 14. Tangu hapo tumeongeza ukungu: raundi mbili za kwanza hakuna anayeona zaidi ya inchi 9. Jumamosi iliyo karibu zaidi na tarehe 17 mwezi wa nane tutaujaribu hivyo, Makambako, na mpwa wangu ameomba aongoze Wahehe.